Nilimutoa Shemeji kwa Ng'ombe

Mwaka 2007 nilikuwa na miaka 39, ndipo taabu ilianza. Kabla ya hapo nilikuwa masikini tu, na umasikini si taabu. Umasikini unauzoea kama vile unazoea baridi ya Masisi. Taabu ni siku unapata akili ya kujiokoa, na akili ile ile inakuja kuua mutu wa nyumba yako.

Nasema wazi kwa sababu sipendi maandishi ya kuzunguka. Naandika hapa namna nilijifunza kusude, maana yake kuunganisha chuma na chuma kwa moto wa umeme, nikiwa mutu wa ferme, mutu wa panga na jembe. Tena naandika namna kazi hiyo ilimuua shemeji yangu, kaka mukubwa wa muke wangu, na mimi ndiye nilimuingiza ndani yake. Watoto wangu wananiambia, "Papa, usiandike kuua. Andika kwamba alikufa." Wao wamesoma kuliko mimi. Mimi nilifika mwaka wa pili wa primeri, mwalimu akaondoka hakurudi na mimi nikaenda kuchunga. Lakini kaye hii ninayoandika ni yangu na biki ni yangu.

Ferme, shamba la ng'ombe, ilikuwa juu kwenye milima ya Masisi, majani mpaka pale macho yanachoka. Patro, mwenye ferme, aliishi Goma, alipanda mara moja kwa mwezi kuangalia ng'ombe zake. Mimi nilizaliwa pale, baba yangu alifanya kazi pale. Kazi yangu ilikuwa uzio: kukata miti, kuchimba mashimo, kusimamisha nguzo, kuvuta seng'enge. Shemeji alikuwa mukamuaji. Alikuwa na miaka minne juu yangu, murefu, mwembamba, na kifua chake tangu utoto kilibana kila wakati wa baridi. Kwa ng'ombe hakuna mutu alimushinda. Ng'ombe mukali, anayepiga kila mutu teke, shemeji alimuendea akiimba kwa sauti ya chini, na ng'ombe yule alisimama kimya kama mama kanisani.

Mwaka huo watu wa bunduki walipita. Sisemi ni akina nani. Wamepita wengi, kila mumoja na jina lake. Walikwenda na ng'ombe zote, zikabaki kumi na moja, zile shemeji alizificha kwenye bonde. Nguzo zangu walizing'oa wakapikia. Nilisimama mbali nikaziona zinawaka, muti niliokata mwenyewe, unachoma nyama ya ng'ombe ambaye shemeji alimukamua asubuhi ile.

Patro alipopanda aliangalia pande zote. Halafu akasema, "Sitaki tena muti hapa. Nataka chuma. Chuma haipikiwi." Akatukusanya. Hawezi kubaki na watu makumi tatu kwa ng'ombe kumi na moja. Watabaki wawili wa ng'ombe, pamoja na mumoja, labda wawili, watakaojua chuma. Wengine waende na Mungu.

Nilikuwa na watoto watano. Nilinyoosha mukono kabla hajamaliza.

Fundi aliyeletwa na patro alitoka Butembo. Mufupi, Mukatoliki wa rozari shingoni, suruali yake imejaa matundu ya cheche kama chujio. Alikuja juu ya lori na mashini ya kutoa umeme kwa mazutu, yaani dizeli, na tuyo, bomba ndefu za chuma nyeupe zinang'aa, na posti. Posti ni sanduku zito lenye nyaya mbili. Waya mumoja unabana kwenye chuma, wa pili unashika kijiti kinaitwa bageti. Bageti ikikaribia chuma, moto unazaliwa katikati, na moto ule hauangaliwi kwa macho.

Siku ya kwanza alinishika mikono akaigeuza.

"Wewe unafanyaga kazi gani?"

"Uzio."

"Uzio ya nini?"

"Ya miti."

"Bon. Sahau yote. Muti inasamehe, ukikosea unapiga musumari ingine. Chuma haina musamaha. Chuma ni kama mama-mukwe."

Wiki tatu nilibeba tuyo na kuzikata kwa musumeno. Maski ya kukinga macho ilikuwa moja tu, ya Fundi. Sisi wengine tuligeuza uso. Lakini mutu hawezi kujifunza akiangalia milima. Niliiba kwa macho, kidogo kidogo, nikijiambia mara moja tu. Jioni macho yakawa kama yamejazwa muchanga wa moto, machozi yanatiririka, nikalia mbele ya watoto wangu. Shemeji alikuja na maziwa yenye joto ya ng'ombe, akachovya kidole, akanidondoshea moja moja ndani ya macho. Kulipokucha niliona. Nani tena angeniambia maziwa si dawa? Kwetu maziwa yanatoa sumu ya nyoka, yanatoa sumu ya muchawi, yanatuliza mutu aliyekunywa dawa ya kupulizia viazi. Nililelewa na neno hilo na sikulichunguza, kama vile mutu hachunguzi jina lake.

Ilipofika siku ya kushika bageti, nilishona vibaya. Bageti ilinata kwenye chuma, nikaivuta, ikakatika. Fundi alisema, "Acha kuangalia. Sikiliza. Bageti inaongea."

Mimi sikusikia kitu, kelele tu. Aliyesikia ni shemeji. Yeye hakuwa na haja ya chuma, alikuwa tayari kwenye wale wawili wa ng'ombe. Kila asubuhi alituletea maziwa na kusimama pembeni amegeuza uso. Siku hiyo akasema, "Hii sauti ninaijua."

Fundi akainua maski. "Unaijua wapi?"

"Kwa ndoo. Maziwa ikianguka ndani ya ndoo tupu inalia juu, tss, tss. Ndoo ikiwa na povu, inalia chini, inatulia. Wewe ukifanya, inalia ya povu. Huyu shemeji yangu anapigaga ndoo tupu."

Fundi alimupa maski na mukono wa posti, kwa muchezo. Shemeji aliinama, akasogeza bageti mpaka ikatulia, akaenda nayo polepole. Tulipogonga ganda likaanguka, mushono ulikuwa chini yake umelala sawa kama nywele za mutoto zilizosukwa.

"Angalia huyu wa maziwa!" Fundi alipiga kelele. "Na weye wa uzio, wiki tatu, unashona kama kuku anakwaruza!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, kwa midomo. Nilimuonea wivu. Lakini usiku ule ule nilianza kupiga hesabu nyingine kichwani. Nilijiambia: ng'ombe kumi na moja zitachukuliwa nazo. Huyu akijua chuma, tuko wawili. Ng'ombe wanaibwa, shamba linaibwa, mukono wa mutu hauibwi. Nilimusumbua miezi yote ya kazi ile. Alikuwa anakamua asubuhi, halafu anakuja kwa chuma kwa sababu yangu, na kila mara alisema, "Shemeji, hii kazi haina damu. Ng'ombe unamugusa anakujua. Hii tuyo itakujua siku gani?"

Zile tuyo nyeupe zimepakwa galvanize, ili zisishikwe na kutu. Moto ukizigusa zinatoa moshi mweupe muzito, na ndani yake vipande vyepesi kama pamba vinaelea, vinakaa kwenye nyusi. Ulimi unaonja utamu mubaya. Jioni unatetemeka kama mutu wa malaria, meno yanagongana, na kesho yake umepona. Siku mubaya kuliko zote ni lundi, yaani jumatatu. Fundi alisema ni kwa sababu mwili unapumzika siku ya Mungu na kusahau.

"Dawa ni maziwa," akasema. "Kopo mbili mbele ya kazi, kopo mbili nyuma. Maziwa inashika ile sumu, inashuka nayo. Masudere, watu wa kusude, wote kwetu Butembo wanajua. Taabu ni kwamba kule maziwa ni ya kununua. Nyinyi watu wa ng'ombe mutatuzika sisi wote."

Tulicheka. Tulikuwa na maziwa kuliko maji.

Uzio wa chuma ulisimama miaka mitano. Mwaka 2012 vita vilipanda tena, na watu walikuja na mashini ya kukata chuma. Hawakuhitaji hata kupika nayo. Ng'ombe za patro zilikuwa zimefika arobaini, zikaenda zote. Sisi tulishuka kwa miguu mpaka Goma, mimi na muke wangu na watoto na shemeji ambaye hakuwahi kuoa. Tulipanga nyumba ya mbao Mabanga, juu ya mawe meusi ya volkano, vyumba viwili kwa watu wanane.

Baada ya miezi, milima ilitulia kidogo, na patro mwingine akatafuta wakamuaji. Shemeji alifunga furushi lake. Mimi nilisimama mulangoni. Nilimuambia maneno yale yale: ng'ombe wanaibwa, mukono hauibwi. Nilimuambia katika Goma kila mutu anaogopa mwizi, kila mutu anataka mulango wa chuma na madirisha ya chuma, na kwa kushona hakuna mutu wa Mabanga atamushinda. Niliongea tangu chai mpaka saa ya bugali. Mwisho alifungua furushi.

Muke wangu alikuwa anachambua maharagi, alisikia yote. Aliniambia, bila kuinua kichwa, "Kaka yangu ni mutu wa ng'ombe. Kifua chake unakijua. Kama unamubakisha huku kwa moshi yako, ni weye unamuchunga."

"Nitamuchunga," nikasema.

Ni neno dogo. Nililitamka kama mutu anasema nitarudisha jembe lako.

Sitaki mutu afikiri tulikuwa watu wa kuombaomba. Tulianza kwa kufanyia wengine kazi, na kwa miaka mitatu nilipata posti yangu, iliyozungushwa nyaya na fundi wa mutaa, na tukafungua ateliye, karakana yetu, kwenye barabara inayoshuka Majengo. Ateliye ni neno kubwa. Ilikuwa manjanja sita, mabati ya kuezeka, juu ya miti minne. Lakini niliandika mwenyewe juu ya mbao, kwa rangi nyekundu: MILANGO, MADIRISHA, KILA CHUMA. Watu walisema herufi zangu zimelewa. Walileta kazi hata hivyo.

Kuran, yaani umeme, ilikuja pale inapenda. Ikija, sisi masudere wote wa barabara ile tulirukia posti pamoja, na taa za mutaa muzima zikawa dhaifu kama mishumaa. Mama jirani alikuwa na saloni ya nywele, na kila mara alitoka na kitana mukononi.

"Nyinyi watu wa Masisi! Mulimaliza ng'ombe, sasa munakula kuran yetu!"

"Mama, kuran haina nyama," shemeji alimujibu akiwa ndani ya maski.

"Ndiyo maana unakonda, papa! Oa, upikiwe!"

Na kila asubuhi tulinunua maziwa. Hiyo ilikuwa sheria ya ateliye, mimi ndiye niliiweka: hakuna mutu anagusa galvanize kama hajakunywa kopo mbili. Maziwa yalishuka kutoka Masisi juu ya pikipiki, ndani ya bidoni, madumu ya njano, na mama mumoja aliyauza kwenye kona. Shemeji alionja, akayaacha kwanza kwenye ulimi, macho yamefungwa.

"Mama, hii maziwa ilivuka muto gani?"

"Kunywa, uache mashauri."

"Ninakunywa. Lakini huyu ng'ombe aliogelea."

"Ukijuaga ng'ombe hivyo, ya kwako iko wapi?"

Wanunuzi walicheka sana. Shemeji pia alicheka, akalipa, akafuta kopo. Njia yote ya kurudi aliangalia upande wa milima.

Mwaka 2019, wakati wa mvua, mufanyabiashara mumoja wa Majengo alikuja. Alikuwa amejenga nyumba ya gorofa. Goma ziwa liko pale, unaliona kila siku, lakini bomba linaweza kukauka wiki nzima, na mwenye uwezo anakusanya maji ya mvua. Alitaka sitern, tangi la maji, ya mabati mazito ya galvanize, ndefu kupita mutu, iliyoshonwa nje na ndani, kwa sababu ile aliyonunua ilivuja. Samedi, jumamosi ya juma la pili, alikuwa na wageni wa mahari ya binti yake, maji yasikose. Sikuwa nimetengeneza sitern hata moja. Nilisema ndiyo. Mutu aliyejifunza kwa shida hapendi kusema sijui.

Nje tulimaliza wiki moja. Ndani kulibaki. Ilikuwa lundi, mvua inapiga. Mulango wa kuingilia sitern ulikuwa juu, upana wa mabega ya mutu mwembamba. Manjanja yangu yalivuja, na maji na umeme havikai pamoja, kila sudere anajua mwenzake aliyetupwa na kuran wakati wa mvua. Basi nikachukua bache, turubai, nikasema tutafunika juu ya mulango ule, maji yasimufikie. Niliogopa umeme. Moshi sikuuogopa, kwa moshi tulikuwa na dawa.

Shemeji alizunguka sitern, akaigonga kwa kiganja.

"Shemeji, ndani hakuna hewa."

"Matundu ya bomba iko wazi. Mawili."

"Ya kupitisha panya. Leo kifua iko nzito. Tungojee mvua ikatike."

"Samedi ya mutu haingojei mvua."

"Tena ni lundi."

"Basi kunywa kopo nne," nikamuambia.

Alikunywa nne. Alizihesabu kwa sauti, kama mutoto anayelazimishwa: moja, mbili, ili mama wa saloni acheke. Halafu akapanda ngazi, akaingia, miguu kwanza. Mimi nilivuta bache.

Angeweza kuingia mutu mwingine. Mimi nilikuwa munene, nilisema mabega yangu hayapiti. Nimejiuliza miaka yote hii kama kweli hayakupita. Sikujaribu.

Bageti ikiisha aligonga mara mbili, nikamupitishia nyingine chini ya bache. Nilisikia sauti yake ya povu, imetulia, hata ndani ya chuma. Kwenye matundu ya bomba moshi mweupe ulitoka kama mvuke wa chungu. Niliuona. Shule haihitajiwi kwa kuona moshi. Nilifikiri: maziwa yanafanya kazi.

Saa sita alitoka. Uso wote, nyusi, nywele, vilikuwa vyeupe.

"Bwana arusi wa unga!" mama wa saloni alipiga kelele, na wateja wake wakatoka na vichwa vya nusu vilivyosukwa kumuona. Shemeji aliwainamia kama mukubwa. Halafu akakaa juu ya jiwe.

"Leo utamu imepita kipimo," akaniambia kwa sauti ndogo.

Nilimuletea kopo. Alikunywa moja, ya pili akaiacha nusu. Nilimuambia, kumebaki upande mumoja tu, tumalize tusahau. Aliniangalia. Sijui aliona nini. Akasema, "Sawa, chef," yaani mukubwa wa kazi, naye hakuwahi kuniita hivyo, akapanda tena.

Jioni alitetemeka. Nikasema ni ile ya lundi, kesho atakuwa muzima. Kesho hakuweza kutoka kitandani. Muke wangu alisema twende hospitali. Nikasema hapana, ngoja, kinachokosekana ni maziwa mazuri, haya ya Mabanga yana maji. Nilichukua pikipiki mpaka nje ya mji, kwa mutu mwenye ng'ombe wawili, nikangojea akamue, nikaleta maziwa yangali na joto. Siku mbili nilimunywesha kwa kijiko. Siku mbili. Alikuwa anameza ili kunifurahisha, halafu anakohoa, na kifua kinalia kama murija unaonyonya maji ya mwisho. Alisema mara moja tu, "Haya ni mazuri. Haya hayakuogelea."

Siku ya tatu midomo ilikuwa rangi ya majivu. Tulimuweka juu ya pikipiki katikati, mimi nyuma nimemushika kama gunia. Hospitali walimupa hewa ya chupa. Muganga alikuwa kijana, amechoka, mupole.

"Alikuwa anafanya kazi gani, papa?"

"Kusude. Ndani ya sitern. Galvanize."

"Mulimupa nini nyumbani?"

"Maziwa."

"Na mbele ya kuingia?"

"Maziwa."

Akaandika. Halafu akaweka biki chini. "Papa, sikiliza. Maziwa inapita njia ya chakula, inaenda tumboni. Moshi ilipita njia ya hewa, iko kwa mapafu. Ni njia mbili. Hazikutani."

Nilisoma miaka miwili tu, lakini hiyo niliielewa mara moja. Nimechinja mbuzi na ng'ombe maisha yangu yote. Hizo njia mbili nimezishika kwa mikono, nimezitenganisha kwa kisu, nimewapa mbwa moja na kusafisha nyingine. Nilikuwa ninajua. Hakuna mutu alikuwa ameniambia niziweke pamoja na ile habari ya maziwa, na mimi sikujiambia.

Alikufa siku ya ijumaa, saa nne ya asubuhi, kuna jua.

Tulirudi nyumbani. Kulikuwa kumebaki bidoni moja ya maziwa nyuma ya mulango. Kwetu maziwa hayamwagwi. Hata yakiharibika unayapeleka mahali, unaomba radhi. Muke wangu alibeba bidoni mpaka nje, akaimwaga yote juu ya mawe, watu wanaona, akarudisha bidoni mahali pake. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Mwenye sitern alikuja siku ile ile. Aliinama vizuri, akatoa pole, akakaa na wanaume. Baadaye akanivuta pembeni. "Muzee, najua si wakati. Lakini sitern?" Nilimuambia achukue. Watu sita waliibeba, wakaitelezesha juu ya chukudu mbili, baiskeli za mbao za kusukuma, zilizofungwa pamoja. Samedi tulimuzika shemeji, kwa nyundo na ncha za chuma, kwa sababu ardhi hii ni mawe na kaburi linavunjwa vipande vipande. Alikuwa amesema siku nyingi azikwe Masisi, karibu na majani. Barabara ilikuwa imefungwa. Tukiwa tunavunja mawe tulisikia muziki wa mahari ya Majengo.

Sitern ile haijavuja mpaka leo.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili, watoto walikuwa wanakula. Niliwaambia masudere wa barabara yote, mumoja mumoja, mutaa kwa mutaa: maziwa si dawa, fungueni hewa, kwangueni ile nyeupe kwanza kabla ya moto, mujifunge kitambaa. Walinisikiliza kwa heshima, wananiita muzee. Halafu mumoja akasema, "Pole, muzee. Lakini yeye alikunywa mingi mara moja. Angegawa." Mwingine akasema, "Yale ya Mabanga yana maji, wewe mwenyewe ulisema." Kila asubuhi ninawaona kwenye kona, wamesimama kwa mama wa bidoni na makopo yao. Nimesema miaka sita. Sijaokoa hata kifua kimoja. Ningekuwa mutu wa kanisa ningesema labda kimoja, sikijui. Sisemi hivyo.

Na mimi mwenyewe, kifua changu sasa kinabana wakati wa baridi, na jicho la kushoto linaona ukungu. Mwaka huu mji umebadilisha wakubwa, banki zimefunga, mutu hajengi. Wanaokuja wanataka niwatengenezee milango iliyovunjwa. Mara nyingi ni milango niliyoitengeneza mimi. Naangalia mushono, najua huu ni wangu na huu ni wake. Yake haikuachia. Walioivunja walikata chuma pembeni.

Muke wangu bado yuko. Tunaongea juu ya chumvi, juu ya mvua, juu ya wajukuu. Siku moja, mwaka jana, nilimuambia, "Nilisema nitamuchunga." Akajibu, "Nilisikia." Akaendelea kufunga mboga.

Watu wananiita muzee aliyejitengeneza mwenyewe, na ni kweli, hakuna mutu alinipa kitu. Leo nina miaka 57. Vitu vyangu ni hivi:

Nyumba ya mbao, vyumba vitatu, manjanja yake nimebadilisha mara moja. Kiwanja si changu.
Posti moja inafanya kazi. Ya pili imeungua.
Meza ya chuma ya kazi.
Maski mbili, moja sivai.
Nyundo tatu, musumeno mumoja, koleo mbili.
Kitanda, na kingine cha wageni.
Redio.
Koti la kanisa.
Kuku wanne.
Viatu, pea mbili.